Kadongo kamu yenye mikato ya haraka
Uliyeuliza kama video yenu ya darasani ya kadongo kamu (muziki wa Uganda), iliyojaa wachezaji na mikato ya haraka, imevunja kanuni: ndiyo, na si kosa. Kosa ni hadithi kupotea. Muziki huu ni gitaa na masimulizi. Picha ikibadilika kila sekunde, nani atashika maneno? Kwenye beti iacheni kila picha ikae sekunde 4 hadi 6: uso, kisha vidole kwenye nyuzi. Wachezaji waje kwenye kiitikio.

Mwendo wa polepole rekodini fremu (picha) 50 kwa sekunde, wimbo ukipigwa kwa kasi maradufu, halafu chezesheni kwa 25. La sivyo midomo itaachwa na sauti. Taa za ndani zikimetameta, shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) iwe 1/100 ya sekunde, maana umeme wa Uganda ni hezi 50.