Dada wa Tabora uliyepoteza mafunjo, jibu lako hili hapa

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka Tabora. "Dada, niliona picha za bwawa lako nikatamani. Nimeleta mafunjo toka mtoni, nimeyachomeka kwenye beseni, wiki ya pili yote yamekauka. Mume wangu anasema nimetupa hela. Nimekosea wapi?"

Niliusoma mara tatu, maana niliyaona yangu ya miaka sita iliyopita.

Wakati huo ndiyo kwanza naanza kazi ya bustani hapa Kigoma. Mwenye nyumba moja ya wageni alitaka bwawa dogo mbele ya mapokezi, lenye mmea mrefu wa kuvutia macho. Nikamwambia mafunjo. Nilikodi bodaboda mpaka bonde la Luiche, upande wa Ujiji, nikakata kwa panga mabua yaliyonizidi urefu, yale yenye vichwa vizuri kama nywele zilizotimuliwa na upepo. Nikayafunga kamba, nikarudi nayo mjini jua la saa saba. Nikayachomeka kwenye udongo, nikajaza maji, nikapiga picha.

Siku ya tatu vichwa vikainama. Baada ya wiki mbili hapakuwa na bua hata moja la kijani. Yule bwana aliniita mbele ya wageni wake akasema nimempandia nyasi za bondeni, tena zilizokufa. Hakunilipa hata nauli ya bodaboda. Mpaka leo nikipita geti lile nageukia upande wa pili wa barabara, na sijui kama nitaacha.

Nilirudi Luiche kutafuta jibu. Nikamkuta mzee mmoja akiongeza jaruba la mpunga, anang'oa mafunjo na kuyarundika kwenye tuta. Rundo lile lilikuwa la siku nyingi. Juu limekauka kabisa, lakini chini, palipogusa matope, yamechomoza machipukizi mabichi kama pembe. Nikamuuliza imekuwaje. Akainua kipande cheusi, kinene kama mkono wa mtoto, akaniambia: "Binti yangu, wewe ulibeba shingo ukaacha kiuno. Funjo ni hili."

Hapo ndipo penye jibu lako, dada. Lile bua la kijani lenye pande tatu ni sehemu ya juu tu. Mmea wenyewe ni shina nene linalolala ndani ya matope kama tangawizi, ndilo linalotoa mizizi kwa chini na mabua kwa juu. Bua lililokatwa halioti tena, hata ulipe maji ya ziwa zima. Wengi hudanganywa na ndugu yake mfupi, yule wa majani ya mwavuli anayeuzwa kwenye vitalu, ambaye ukigeuza kichwa chake ndani ya maji kinatoa mizizi. Kwa mafunjo usitegemee njia hiyo. Chukua kipande cha shina la chini chenye machipukizi mawili au matatu, na mizizi yake, na mabua marefu uyapunguze ili kisichoke kuyanywesha.

Mzee alinipa vipande vinane bure. Viwili vilioza, sita vikashika. Vyote nilivyonavyo leo, na vyote nilivyouza, vimetoka kwenye vile sita.

Mimi hutumia pipa la plastiki lililokatwa nusu, lisilo na tundu. Kama lilikuwa la mawese lioshe kwa maji ya moto na majivu mpaka utelezi uishe. Chini weka samadi iliyooza vizuri, kidogo, kisha udongo mzito wa mfinyanzi, juu changarawe ili udongo usielee. Samadi ikiwa juu maji yanageuka kijani na kunuka. Laza kipande chako karibu na uso wa udongo, maji yakifunike kwa kina cha vidole viwili, na uongeze kadiri mabua yanavyopanda. Jua liwe la kutwa. Pawe na ukuta au ua wa kukinga upepo, kwa sababu bua likivunjika halinyooki tena. Lililozeeka likate chini kabisa, jipya litakuja. Mbu? Tia vifaranga vya perege.

Na maji. Bondeni mafunjo hufika hata mita nne au tano kwa sababu miguu yake haikauki. Kuanzia Juni hadi Septemba huku kwetu pipa linapungua kwa kasi, na kwenu Tabora nadhani ni zaidi. Angalia kila asubuhi kabla ya chai. Usiseme nitaangalia jioni. Mimi mwaka wa pili nilikwenda msibani siku tisa, nikakuta udongo umepasuka, na mapipa mawili hayakurudi.

Sasa niseme la moyoni. Watu wa Kigoma wanaagiza michikichi ya mapambo kutoka Dar es Salaam, wanalipia usafiri, halafu wanayaita mafunjo magugu. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, lililo kati yetu na ninyi wa Tabora, mwaka 2000 liliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, la kwanza kwa Tanzania nzima. Korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa mdomo mnene, anaishi humo, ndani ya mafunjo hayohayo. Wamisri wa kale waliyafanya karatasi. Jifunzeni kuheshimu kilicho chenu. Lakini msiende kufyeka kingo za mito kwa ajili ya mapambo. Ombeni kwa mkulima anayeyang'oa shambani kwake, yeye atashukuru.

Mwezi uliopita hoteli moja ilichukua mapipa kumi na mawili kwangu, na ikalipa yote siku ileile. Nilipofika nyumbani nililia.

Dada, beseni usilitupe, liko sawa. Ijumaa nakutumia vipande vinne kwa treni, nimevifunga kwenye gunia lililolowa. Ukienda kuvipokea stesheni beba dumu la maji, uvimwagie hapohapo kabla hujapanda bajaji.