Mume wangu ni Mbelgiji, tunahamia Ufaransa

Swali: Tunaishi Lubumbashi, na mume wangu amepata kazi Lille. Je, nitaruhusiwa kukaa naye? Mama wa Kamalondo.

Jibu: Ndiyo, mama. Kwa kuwa mumeo anakwenda kufanya kazi katika nchi ya Umoja wa Ulaya isiyo yake, Agizo la 2004/38, yaani sheria ya Umoja huo, linakupa viza bila malipo, haki ya kufanya kazi na kadi ya ukaazi ya miaka 5, ambayo hutolewa ndani ya miezi 6 tangu uiombe. Mngehamia Ubelgiji moja kwa moja, ingetumika sheria ya Ubelgiji yenyewe. Mahari pekee haitoshi: ndoa iandikishwe komine, na ninakusihi ukague kila herufi ya jina lako kwenye cheti, ilingane na pasipoti.