Maswali na majibu ya kriketi: kifua kinatazama wapi?

Skwea-legi anasimama kulia au kushoto? (Msomaji, Chikongola)

Mwezi huu pekee nimeulizwa hivi mara nne, na hakuna aliyetaja mpigaji anatumia mkono gani. Ndugu zangu, skwea-legi na pointi ni majina ya nafasi za walinzi, wale wanaozuia mpira uliopigwa, na uwanja wa kriketi unafuata mwili wa mpigaji. Akisimama kusubiri mpira, upande unaotazamwa na kifua chake ni ofu. Wa mgongoni ni legi. Skwea-legi yuko mgongoni, usawa na mpigaji. Pointi yuko upande wa kifua, usawa huohuo. Akija mpigaji wa mkono mwingine, wote wanahama.

Jumapili pale Shangani, maji yamekupwa, tulicheza kwa gongo (la mbao, msinielewe vibaya) na vijiti vya muhogo. Mpigaji mmoja wa kulia, mwenzake wa kushoto. Kila wakipata mkimbio mmoja (ndiyo pointi ya kriketi) wanabadilishana, na walinzi nao wahame. Kijana mmoja akaona uvivu, akabaki palepale na simu yake. Mpira ukapita alipotakiwa kuwa, ukaishia majini. Mikimbio 4. Ukimuuliza, yeye ni "mpigaji". Huku kwetu kila mtu anataka pesa za mnada, kuokota korosho hataki.

Nafasi zote lazima zijazwe? (Msomaji, Mikindani)

Hapana. Toa mrushaji na mlinda wiketi (anayesimama nyuma ya vijiti) katika timu ya 11, unabaki na watu 9. Majina ya nafasi ni mengi kuliko hao.

Shikamoo. Wanafunzi wangu wanapenda kusimama hatua mbili tu kutoka kwa mpigaji. Niwaache? (Mwalimu, Lindi)

Marahaba, mwalimu. Nafasi hiyo Waingereza wenyewe wanaiita sili pointi, yaani pointi ya kipumbavu, na hawakukosea. Mpira wa ngozi una takribani gramu 160. Bila helmeti mtoto asisogee hapo, na asije mtu akakuambia yeye alicheza hivyo na meno yote anayo. Helmeti isiyovaliwa iwekwe nyuma ya mlinda wiketi; mpira ukiigonga ikiwa chini, wapinzani wanapewa mikimbio 5. Glavu ni za mlinda wiketi peke yake.

Ni kweli kriketi ilianzia Lord's, London? (Msomaji, Ligula)

Si kweli, na mnaotumiana hilo kwenye simu acheni. Lord's ni uwanja tu. Klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club), yenye makao hapo, iliundwa 1787, wakati sheria zilikwishaandikwa 1744. Nyuma zaidi kuna Guildford, kusini mwa Uingereza, mwaka 1598, na ushahidi unatoka mahakamani: kesi ya kiwanja! Mzee John Derrick alieleza kwamba miaka 50 hivi kabla, akiwa mwanafunzi, yeye na wenzake walicheza kriketi kwenye ardhi iliyokuwa ikigombewa. Nanyi mnaochezea maeneo ya wazi hapa mjini, nendeni kwa mtendaji wa kata mkaulize pameandikwaje, kabla hamjaamka mkakuta bikoni.

Halafu zamani vijiti vya wiketi vilikuwa viwili. Mwaka 1775 mrushaji Lumpy Stevens alimpita mpigaji John Small mara tatu, mpira ukipenya katikati ya vijiti bila kuangusha kitu. Ndipo kikaongezwa cha tatu. Mnaochomeka viwili ufukweni, mjue mko karne ya 18.

Naweza kudaka mpira kwa kofia? (Msomaji, Mtwara)

Hapana. Mikimbio 5 kwa wapinzani. Una mikono miwili.