Ingwe haikuwa timu ya pasi fupi

Ndugu aliyeanzisha mjadala huu ameuliza kwa nini AFC Leopards, yaani Ingwe yetu, klabu ya soka ya Nairobi ambayo haijatwaa ubingwa wa ligi tangu mwaka 1998, haina mchezo ambao mtu angeutambua hata kama vijana wangeingia uwanjani na jezi za rangi nyingine. Wengi waliomjibu wanasema dawa ni moja, yaani turudi kwenye "mpira wetu" wa kutandaza pasi fupi chini. Naipenda timu hii tangu utotoni, na kwa sababu hiyo naomba niwapinge kwa heshima: mpira huo si wetu, na tukiendelea kuutafuta tutazidi kupotea.

Nimelelewa Kaloleni, jirani kabisa na City Stadium, uwanja ambao siku hizi umepewa jina la Joe Kadenge, nyota wa zamani wa soka ya Kenya, na nyumbani kwetu tulijua kwamba bao limeingia kabla mtangazaji wa redio hajamaliza kulitangaza. Baba alikuwa mmoja wa wapigaji wa isukuti, zile ngoma tatu za Waluhya. Kabla ya mechi walikuwa wakiwasha karatasi kuukuu kando ya ukuta wa uwanja ili ngozi za ngoma zipate joto, na yeye aliinamisha sikio juu ya ile ngoma ndogo, akiigonga kwa ncha za vidole na kuirudisha kwenye moto mpaka ikatoa mlio alioutaka. Kazi yangu ilikuwa kumshikia ngoma ya kati. Nikiwa hapo miguuni pake ndipo nilipojifunza kutazama mpira, kwa sababu ngoma zilifuata mchezo. Mpira ukiwa kwa mabeki wa kati, mdundo ulikuwa wa polepole, kama wa watu wanaotembea. Mara tu winga alipoupokea na kumgeukia beki, mdundo uliongezeka kasi, na ulipofika karibu na kibendera cha kona hapakuwa na aliyebaki ameketi. Baba hakuhitaji hata kutazama mikono yake.

Huo ndio mchezo niliouona kwa macho yangu katika miaka ya ubingwa wa 1988 na 1989: kiungo hakukaa na mpira, aliupeleka pembeni upesi, winga akamkabili mtu wake ana kwa ana, kisha krosi ikaingia ndani ya kumi na nane ambako washambuliaji walikuwa tayari wanakimbilia. Wazee walisema ulikuwa hivyo hata kabla yangu. Kikosi kilichobeba Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984, kilikuwa na Joe Masiga pale mbele, mtu aliyecheza raga pia huku akisomea udaktari wa meno, na sidhani kama kocha yeyote mwenye akili angempata mshambuliaji mwenye kifua cha namna hiyo halafu azungushe pasi ishirini katikati ya uwanja. Hata ule usemi wa watangazaji wa redio, "Kadenge na mpira", ambao watoto waliozaliwa baada ya redio za betri bado wanautamka, unamsifu mtu mmoja mwenye mpira mguuni anayewaendea mabeki.

Kuna mwenzetu aliyeandika kwamba klabu ilipoteza roho yake ilipoacha kutegemea vijana wa Magharibi mwa Kenya, kwa Waluhya. Hilo nalikataa moja kwa moja. Klabu ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na mwaka 1980, baada ya serikali kuagiza majina ya kikabila yaondolewe, ikachukua jina linalomaanisha shirikisho la wachezaji wote. Na miaka ile mitatu ya dhahabu ilikuja baada ya jina kubadilika. Golini alisimama Mahmoud Abbas, mtoto wa Mombasa, na sikuwahi kumsikia shabiki akisema kwamba si wetu.

Sasa nieleze kwa nini mchezo wa mawinga umetoweka, maana hapa nina uzoefu kidogo. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiwafundisha vijana wa chini ya miaka 17 katika uwanja wa vumbi hapa Makongeni. Nilikuwa na beki wa kushoto na winga wa kushoto ambao niliwaacha pamoja msimu wa kwanza licha ya kupoteza mechi nyingi, na wazazi wakanilaumu. Miezi minane ya kwanza beki alikuwa akipokea mpira, anausimamisha, anainua uso, anamtafuta mwenzake, na kufikia hapo mpinzani ameshafika. Msimu wa pili ulipofika katikati aliacha kumtafuta. Alikuwa akiupiga mpira nyuma ya mgongo wa beki mpinzani kwa mguso mmoja, bila kuinua uso, na winga alikuwa ameshaanza kukimbia kabla mguu wa mwenzake haujagusa mpira. Sikuwafundisha jambo hilo kwa maneno. Lilitokana na mazoezi ya jioni nne kwa wiki na kurudi nyumbani pamoja kwa miguu.

Linganisha na timu yetu. Tangu iliporejea ligi kuu mwaka 2009 makocha wameingia na kutoka, wengine bila kumaliza msimu, na kila kocha mpya hupewa wachezaji wapya kwa sababu mikataba ni mifupi na mishahara huchelewa. Beki wa kulia akianza kuizoea mbio ya winga wake, mmoja wao ameshaondoka. Katika hali hiyo kocha atafundisha nini, isipokuwa mpira mrefu wa kubahatisha, au pasi fupi za mabeki ambazo hazimtaki mtu amjue mwenzake sana?

Nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Timu iliyonifurahisha zaidi katika miaka ya karibuni ni ile iliyolazimika kucheza na vijana baada ya FIFA kutuzuia kusajili wachezaji mwaka 2021 kwa sababu ya madeni ya waliokuwa wachezaji na kocha wetu. Ilikuwa aibu, na walioidai klabu walikuwa na haki yao. Lakini kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kuingiza wageni, kocha Patrick Aussems alibaki na vijana walewale wiki baada ya wiki, na kuna mechi ambazo nilianza tena kubashiri mpira unakwenda wapi. Hatukubeba kombe. Hata hivyo nilikuwa narudi nyumbani nikiwa nimeona timu.

Na sisi mashabiki tuna sehemu yetu. Niliketi uwanja wa Nyayo katika mechi moja nikamsikia jirani yangu akimpigia kelele beki wetu wa kati "tuliza, weka chini!", na kabla ya dakika moja kupita, mtu yuleyule, kwa beki yuleyule, akapiga kelele "peleka mbele, unalala?". Yule kijana aligeuka akatutazama. Tunahitaji subira. Mashemeji zetu, yaani watani wetu wa jadi Gor Mahia, walikaa miaka kumi na minane bila ubingwa, kuanzia 1995 hadi 2013, kisha mwaka 2015 wakaumaliza msimu mzima bila kufungwa, kwa hiyo muda mrefu wa ukame si hukumu ya milele kwa klabu kubwa.

Kwa hiyo mkutano wa wanachama utakapoitishwa sitauliza ni kocha gani mpya anayekuja, wala anaupenda mpira wa namna gani. Nitaomba tusomewe majina ya mabeki wawili wa pembeni na mawinga wawili tulio nao sasa, na tarehe ambayo mkataba wa kila mmoja wao unakwisha. Mwenye nafasi ya kuhudhuria na aje tuulize pamoja.