Bali au Thailand kwa siku kumi: hela inaishia wapi

Mkuu umeuliza hivi: una likizo ya siku kumi, unataka fukwe na matembezi kidogo, umebakiza sehemu mbili tu, Bali na Thailand. Ipi ni nafuu ukishalipa nauli ya kutoka huku Afrika Mashariki? Wengi wamekujibu kwa kulinganisha bei ya vyumba. Chumba hakikusaidii kuamua, kwa sababu bei zinakaribiana mno: chumba safi chenye kiyoyozi Ubud, mji wa ndani ya Bali, kinapatikana kwa rupia 250,000 hadi 400,000, mara nyingi pamoja na chai ya asubuhi, na Thailand cha aina hiyo ni baht 600 hadi 1,000. Kwa hesabu za humu nachukua dola 1 kuwa rupia 16,000 au baht 33, na bei ni za makadirio, siyo za Krismasi.

Swali la kwanza ni mko wangapi. Bali hela inaliwa na gari. Thailand hela inaliwa na tiketi. Gari mnagawana, tiketi kila mtu anakata yake.

Bali hakuna treni na mabasi ya umma ni machache. Kutoka uwanja wa ndege mpaka Ubud ni kama kilomita 35, lakini saa moja na nusu njiani ni kawaida, maana barabara ni nyembamba na magari ni mengi. Programu za kuita usafiri kwa simu, Grab na Gojek, zipo na pikipiki zake ni bei chee, ila kuna vijiji na vivutio ambako madereva wa hapo wameweka umoja wao na hawaruhusu gari la programu kuchukua abiria. Kwa hiyo unaenda kwa bei nzuri, unashushwa, na wakati wa kurudi kila dereva anaghairi. Unabaki na yule aliyeegesha pale getini, na bei anapanga yeye. Ndiyo maana kwa siku ya matembezi marefu watu hukodi gari na dereva kwa saa 10, rupia 600,000 hadi 800,000, mafuta ndani yake. Gari lenyewe huwa la viti saba. Ukipanda peke yako bei ni hiyohiyo, mkipanda wanne pia ni hiyohiyo.

Thailand mambo ni kinyume. Ndani ya Bangkok unatembea kwa hela ndogo sana: treni ya kutoka uwanja wa Suvarnabhumi mpaka Phaya Thai, katikati ya jiji, haizidi baht 45, na treni za juu na za chini ya ardhi ni baht 17 kwenda juu kwa safari. Teksi ya mita inaanzia baht 35. Ukiitoa uwanjani unaongeza baht 50 na ada za barabara ya kulipia. Tatizo ni kwamba fukwe unazoziona kwenye picha haziko Bangkok. Krabi na Phuket ni saa 12 hivi kwa basi la usiku, au ndege ya saa moja na kidogo. Tiketi ya ndege ya bei nafuu inaonekana baht 1,000, lakini hiyo ni ya begi la mkononi la kilo 7, na wanalipima kweli. Ukiongeza kilo 20, nunua mtandaoni wakati wa kukata tiketi. Kaunta ya uwanjani ni ghali zaidi. Kwenda na kurudi tenga baht 3,500.

Kisiwa cha Koh Samui kiko kwenye kundi lake. Uwanja wake unamilikiwa na Bangkok Airways, ndiyo maana nauli ya kule haishuki kama ya Phuket. Anayebana matumizi anatua Surat Thani upande wa bara, anachukua basi mpaka gati la Donsak, kisha kivuko. Inakula nusu siku nzima.

Tuweke hesabu mezani. Bali, mtu mmoja, usiku 9, bila kuendesha pikipiki: vyumba 2,700,000, chakula 150,000 kwa siku, jumla 1,500,000, viza na tozo 650,000, safari tatu za kuhama (uwanjani hadi Canggu ya ufukweni, Canggu hadi Ubud, Ubud hadi uwanjani) 950,000, siku tatu za gari na dereva 2,100,000, pikipiki za programu 400,000, boti na mzunguko wa kisiwa cha Nusa Penida 700,000, viingilio 400,000. Jumla rupia 9,400,000, kama dola 590. Usafiri wa barabarani peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya hela yote. Sasa waweke watu wanne, wawili kwa chumba cha 400,000 na gari wanagawana: kila mmoja anashuka mpaka rupia milioni 6.2 hivi, dola 390.

Thailand, mtu mmoja, siku tatu Bangkok kisha ufukwe wa Ao Nang, Krabi: vyumba 7,200, chakula 3,500, usafiri wa Bangkok 600, ndege 3,500, basi la uwanja wa Krabi kwenda na kurudi 300, boti ya visiwa vya Phi Phi pamoja na ada ya hifadhi 1,900, ziara nyingine ya visiwa vya karibu 700, mahekalu ya Bangkok 1,000, makato ya ATM 440, magari ya Ao Nang 400. Jumla baht 19,540, dola 590 na ushee. Yaani sawa na Bali. Lakini mkiwa wanne kinachopungua ni chumba tu, kila mtu anabaki kwenye dola 510.

Kwa hiyo kundi la marafiki au familia, Bali. Mkitaka jumba lenye bwawa lenu wenyewe ndiyo kabisa: la vyumba viwili linapatikana kwa rupia milioni 1.5 hadi 2.5 kwa usiku. Gawanya kwa wanne.

Peke yako, na fukwe siyo lazima, kuna njia ya tatu: Bangkok na Chiang Mai, mji wa kaskazini, kwa treni ya usiku. Kitanda cha daraja la pili ni kama baht 1,000, na usiku huo hulipii hoteli. Cha chini ni ghali kidogo kuliko cha juu, na kinastahili: ni kipana na kina dirisha, wakati cha juu taa inakumulika usiku kucha. Treni hizi zinaondokea kituo cha Krung Thep Aphiwat tangu Januari 2023, siyo Hua Lamphong ile ya zamani, na vitanda vinaisha wiki kadhaa kabla. Safari nzima ya siku kumi namna hiyo inaingia kwenye baht 14,000 hivi, kama dola 425. Bali peke yako huwezi kufika hapo bila kuendesha pikipiki.

Na pikipiki ndiyo jambo linalowaponza wengi. Kukodi skuta Bali ni rupia 70,000 hadi 100,000 kwa siku, Thailand baht 200 hadi 300. Ukiiweka kwenye hesabu ya Bali, zile gari za siku tatu zinapungua na unaokoa zaidi ya dola 80. Mwenye duka hatakuuliza leseni. Polisi watauliza, na bima itauliza kwa ukali zaidi: kama leseni yako haina daraja la pikipiki, ambalo kwetu Kenya na Tanzania ni A, na leseni ya kimataifa haina muhuri kwenye A, bima ya safari inakataa kulipa hospitali. Leseni ya gari haitoshi, hata kama boda unaijua toka utotoni. Usiweke pasipoti rehani. Toa nakala na amana ya fedha taslimu. Kabla hujaondoka piga video ya pikipiki nzima, mpaka chini ya ubavu na vioo, kwa sababu mkwaruzo wa zamani huwa mpya siku ya kurudisha. Mafuta ya kwenye chupa pembeni mwa barabara yapo kama kwetu, ghali kidogo kuliko kituoni.

Sasa makato yasiyoonekana. Menyu za Bali zinaandika bei kwa maelfu, "85" maana yake 85,000, na pembeni unaona alama mbili za kujumlisha, ++. Hizo ni huduma na kodi. Sahani ya 85,000++ inaongezwa huduma asilimia 10 inakuwa 93,500, kisha juu ya hiyo kodi asilimia 10, unalipa 102,850. Thailand alama hiyo ipo hotelini na kwenye migahawa ya maduka makubwa, huduma 10 na kodi 7, inafika asilimia 17.7. Vibandani hakuna kitu kama hicho. Wali wa kuku au tambi za kukaanga barabarani Bangkok ni baht 50 hadi 80 na unalipa hiyohiyo. Kwenye warung ya Bali, ambayo ni mama ntilie kabisa, wali na mboga mchanganyiko ni rupia 25,000 hadi 45,000. Pombe Bali ni ghali kwa sababu ya ushuru, hasa ya kutoka nje, na gongo lao, arak, likitengenezwa kienyeji wakati mwingine huwa na methanoli inayoua. Usinywe la kumiminwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Kwa asiyekula nguruwe: Bali ni ya Wahindu na nguruwe ni mboga ya heshima, lakini migahawa ya Padang (chakula cha Sumatra) na vibanda vya Wajava vimejaa, na chakula chake ni halali na ni rahisi. Padang wakikuletea visahani vingi mezani usishtuke, unalipia ulivyogusa tu. Thailand, Krabi na Phuket zina Waislamu wengi. Bangkok nenda mtaa wa Waarabu pale Nana.

Kubadilisha fedha. Beba dola, noti za 100, mpya, zisizo na mkunjo wala muhuri. Noti ndogo au za zamani zinapewa bei ya chini, kama bureau za kwetu. Thailand ATM inakata baht 220 au zaidi kila unapotoa kwa kadi ya nje: ukitoa 2,000 umeliwa asilimia 11, ukitoa 20,000 ni asilimia 1.1. Toa mara moja. Mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa fedha ya kwenu, kataa, nchi zote mbili. Bali ATM nyingi kiwango ni kidogo kwa mara moja, na baadhi zinatoa hela kabla ya kadi. Watu wanachukua noti, wanaondoka, kadi inabaki.

Vibanda vya kubadilishia vya Kuta, Bali, vyenye bei nzuri kuliko benki vina mchezo wao. Dola 100 anakulipa kwa noti za 20,000, ambazo ni noti 80. Anazipanga mezani kwa mafungu ya milioni, unahesabu, ziko sawa. Kisha anazikusanya "azihakiki", na kidole kinaangusha kadhaa nyuma ya kaunta. Dawa yake: taka noti za 100,000, zitakuwa 16 tu, piga hesabu kwa simu yako, wa mwisho kuhesabu uwe wewe, na zikishaingia mkononi mwako zisirudi kwake. Akizigusa tena, anza upya. Penye nembo ya kibali cha Benki ya Indonesia na risiti ya kompyuta kuna amani zaidi.

Viza. Bali, pasipoti iliyo kwenye orodha ya viza ya kufikia inalipa rupia 500,000 kwa siku 30. Hakiki yako kwenye tovuti ya uhamiaji wa Indonesia yenyewe. Juu yake kuna tozo ya watalii ya Bali, rupia 150,000, tangu 14 Februari 2024. Thailand, pasipoti za Kenya na Tanzania zinaombewa viza mtandaoni kabla ya safari, na wanataka taarifa ya benki, tiketi na hoteli. Ada yake haimo kwenye jumla niliyoweka juu. Aliyeko Ulaya au Marekani na pasipoti ya huko Thailand halipi viza kwa likizo fupi, Bali analipa. Fomu za kuwasili, TDAC ya Thailand na All Indonesia, hujazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure. Tovuti inayokudai hela siyo yenyewe. Cheti cha homa ya manjano kinatakiwa kwa anayetoka kwetu, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Bangkok unapita kwanza dawati la afya, ndipo uhamiaji.

Mtego wa nauli upo hapa. Nairobi hadi Bangkok kuna ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways; Bali unaunganisha, kwa mfano Doha au Dubai. Kuna anayekata Nairobi hadi Bangkok, kisha tiketi nyingine tofauti ya bei poa kwenda Denpasar, uwanja wa Bali. Tiketi mbili zisizofungamana maana yake begi linaishia Bangkok. Kulichukua lazima upite uhamiaji, kupita uhamiaji lazima uwe na viza ya Thailand, na ile ndege ya pili huenda inaondokea uwanja wa Don Mueang, upande mwingine wa jiji. Bila viza unazuiwa kupanda hukuhuku Nairobi.

Miezi: Julai na Agosti Bali iko juu kabisa kwa bei, wakati Krabi na Phuket ni mvua, bahari imechafuka na ghuba ya Maya Bay kule Phi Phi inafungwa Agosti na Septemba. Mwenye likizo ya Julai anayetaka Thailand aelekee upande wa Samui. Januari ni kinyume: Krabi na Phuket ndiyo kwenyewe. Machi angalia kalenda ya Nyepi, siku ya kimya ya Wahindu wa Bali: uwanja wa ndege unafungwa saa 24, hakuna kutoka hotelini, na usiku huo unalipa chumba kama kawaida.