Maswali ya Wasomaji: Kozi na Kumbikumbi

SWALI: Mvua ikikatika jioni kumbikumbi hutoka, na kozi wadogo wenye kifua cha rangi ya kutu huja kuwala angani. Nina lenzi ya milimita 100–400, kasi ya shata 1/1000. Katika picha ndege hutoka na ukungu au mweusi tii. Nakosea wapi? – Msomaji, Entebbe

JIBU: Huyo ni kozi wa Afrika, Falco cuvierii, ana sentimita 30 hivi tu. Weusi ni rahisi kutibu: fremu yako karibu yote ni anga jeupe, kwa hiyo kamera inapunguza mwanga. Weka modi ya M (unapanga mwanga mwenyewe), pima kwenye nyasi zilizo katika mwanga uleule, kisha usiguse tena hadi mwanga ubadilike. Jioni za ikweta hubadilika upesi, basi pima upya kila dakika tano. Anga likipauka, liache lipauke.

Ukungu una sababu mbili. Ndege akienda mita 15 kwa sekunde, katika 1/1000 husogea sentimita 1.5, katika 1/3200 husogea nusu sentimita. Anza na 1/3200, uwazi wa lenzi f/5.6, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ipande hata 6400. Chengachenga za ISO kubwa husafishika, ukungu hausafishiki. Sababu ya pili ni fokasi. Weka fokasi ya kufuatilia, inayoandikwa AF-C au AI Servo kwenye kamera, na kabla ya kuinua lenzi ifokasi kwenye kilele cha mti ulio umbali sawa na ndege. Ukianzia karibu, lenzi itahangaika huku na huko na kozi ameshapita.

Mbizi zake achana nazo, wengi hupotezea hapo jioni nzima. Kozi hudaka kumbikumbi kwa mguu, halafu hutulia, huelea karibu kwa mstari mnyoofu na kupeleka mguu mdomoni. Mfuate tangu anapodaka, ubonyeze shata pale mguu unapoanza kuja mbele. Simama jua likiwa mgongoni. Upepo nao ukitoka nyuma yako ni bahati, kwa kuwa hupenda kuwinda akiukabili, na utapata uso.

SWALI: Nikishuka garini lenzi hujaa mvuke. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kiyoyozi hicho. Kioo baridi kinakutana na hewa yenye unyevu. Kizime dakika 20 kabla ya kufika, ufungue madirisha. Usiitoe lenzi kwenye kamera ili kuifuta. Unyevu utaingia ndani.