Hisa zimepanda, nikimbilie?

Swali: Shikamoo bibi. Nimeuza karafuu, nina milioni mbili. Shemegi yangu anasema hisa za benki zinapanda Soko la Hisa la Dar es Salaam, nisichelewe. Nifanyeje? – Mama wa Wete

Jibu: Marahaba mwanangu. Fedha za nini hizo? Kama ni za skuli, ziache. Siku utakayo kuuza, mnunuzi huenda asitokee upesi. Mimi niliwahi kununua kwa kelele za barazani. Bei ikashuka, nikauza kwa hofu. Ujinga wangu! Mikarafuu unaijua: mwaka huu matawi yanainama, mwakani unaokota makonyo, vijiti vitupu. Fedha usiyoihitaji miaka mitano, nunulia kidogo kidogo, na kwanza uliza kampuni inatoa gawio gani, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa. Na huyo shemegi, yeye kanunua lini?